Programu Huria na Kazi ya Kujenga Tovuti: Mfano wa Drupal

Mtu afunguapo tovuti ya gazeti, ya chuo kikuu au ya wizara, huona ukurasa mmoja uliokamilika: kichwa cha habari, picha, maelezo, na orodha ya kurasa nyingine. Ni rahisi kudhani kwamba ukurasa huo umeandikwa na kuwekwa mahali fulani vile vile ulivyo, kama karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Aghalabu sivyo. Mara nyingi ukurasa huo hutungwa na programu pale pale msomaji anapouomba, kisha hupelekwa kwake kabla hajaona kuwa amesubiri. Programu za namna hii huitwa mifumo ya kusimamia maudhui. Baadhi ya zile zitumikazo sana duniani ni programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya asili, au msimbo chanzo, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuyagawa.

Programu hizo hupatikana bila malipo. Hata hivyo kitu kisicho na bei chaweza kuwa na gharama, na gharama hiyo yafaa ifahamike mapema. Makala haya yaeleza jinsi mfumo mmoja wa aina hiyo, Drupal, unavyofanya kazi, na kwa nini mjenzi wa tovuti aupokeaye bure hana budi kuupokea pamoja na wajibu wa kuutunza.

Tatizo la kurasa nyingi

Chukulia shule yenye tovuti ya kurasa 200, kila ukurasa ukiwa umeandikwa peke yake kwa lugha ya HTML, ambayo ndiyo lugha ya kupanga maandishi na picha katika tovuti. Chini ya kila ukurasa pameandikwa namba ya simu ya shule. Siku namba hiyo ikibadilika, mtu atalazimika kufungua kurasa zote 200. Kama kila ukurasa utamchukua dakika 3, kazi nzima itakuwa ya dakika 600, yaani saa 10, na bado yawezekana akasahau kurasa mbili tatu.

Dawa ya tatizo hili ni kutenga maudhui na umbo. Maudhui, yaani maneno, tarehe, majina na maelezo ya picha, huwekwa katika hifadhidata, ambayo ni mkusanyiko wa majedwali yaliyopangwa ili programu iweze kuyatafuta kwa haraka. Umbo huwekwa katika violezo: maandishi machache yasemayo kichwa kikae wapi, picha iwe na upana gani, na namba ya simu itokee mahali gani. Msomaji aombapo ukurasa, mambo hufuatana hivi. Kivinjari chake hupeleka ombi kwa seva. Programu iliyomo katika seva husoma anwani iliyoombwa, ikatambua ni habari ipi inayotakiwa, na kuichukua kutoka katika hifadhidata. Kisha huyapachika maudhui hayo katika kiolezo, na ukurasa uliokamilika ukarudishwa kwa msomaji. Namba ya simu sasa iko mahali pamoja tu, na mtu akiibadilisha mara moja, kurasa zote 200 zitaonyesha namba mpya.

Manufaa ya pili ni mgawanyo wa kazi. Mwalimu wa historia aweza kuandika habari bila kujua HTML, na mchoraji aweza kubadilisha rangi na mpangilio bila kugusa hata neno moja la mwalimu.

Kiini, moduli na kulabu

Drupal imeandikwa kwa lugha ya PHP. Kila habari inayotungwa ndani yake, iwe tangazo, makala au ratiba, huitwa nodi, na kila nodi hugawanywa katika sehemu zenye majina: kichwa, mwili, tarehe, picha na kadhalika. Programu yenyewe ina kiini, ambacho ni sehemu ya lazima, na moduli, ambazo ni vipande vya nyongeza. Anayetaka kalenda huongeza moduli ya kalenda. Asiyeihitaji hailetwi kwake.

Swali la kitaalamu ni hili: kiini kilichoandikwa mwaka huu chawezaje kushirikiana na moduli itakayoandikwa mwaka ujao na mtu asiyejulikana? Jibu la Drupal ni kulabu. Kiini kifikapo hatua fulani ya kazi yake, mathalani kabla ya kuhifadhi nodi, husita kidogo na kuuliza moduli zote kama ipo yenye neno. Moduli yenye neno hufanya kazi yake, nyingine hunyamaza, kisha kiini huendelea. Ni kama kazi ya mwenyekiti wa mkutano, ambaye baada ya kila ajenda huwauliza wajumbe kama yupo mwenye la kuongeza. Hana haja ya kujua mapema nani atasema nini. Yatosha kwamba amefika kwenye zamu ya kuuliza.

Kutokana na utaratibu huu ilizaliwa kanuni ambayo wajenzi wa Drupal hufundishana mapema: usiubadilishe msimbo wa kiini. Ukitaka jambo jipya, andika moduli. Anayekata na kuunga kiini kwa mikono yake atapata alichokitaka leo, lakini toleo jipya litakapotoka, ama atapoteza mabadiliko yake, ama ataogopa kulipokea toleo hilo. Hatari ya kuliogopa toleo jipya itaonekana hapa chini.

Tone lililotoka Antwerp

Mwaka 2000 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, Dries Buytaert na Hans Snijder, waliunganisha mabweni kwa mtandao usiotumia waya ili wanafunzi wanane wagawane njia moja ya intaneti. Buytaert alitengeneza tovuti ndogo ambamo marafiki hao waliachiana taarifa, hata za mahali watakapokula chakula cha jioni. Baadaye tovuti hiyo ilipohamishiwa katika intaneti ya wote, ilikusudiwa kupewa jina la Kiholanzi lenye maana ya kijiji, lakini kwa kosa la kuchapa likatokea neno la Kiingereza lenye maana ya tone. Jina Drupal limetokana na neno la Kiholanzi lenye maana hiyo hiyo ya tone.

Januari 2001 Buytaert aliutoa msimbo wake hadharani, chini ya leseni ya umma iitwayo GPL. Leseni hii humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa, hata akiwa ameibadilisha, awape wapokeaji wake uhuru ule ule pamoja na msimbo chanzo. Hakuna awezaye kuichukua kazi hiyo ya wengi, akaifungia na kuwauzia watu kama mali yake peke yake. Watu wa nchi mbalimbali walianza kuongeza moduli na kusahihisha makosa. Mwaka 2009 hata tovuti ya Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal, ikaitumia hadi mwaka 2017.

Uwazi huo una manufaa ya pekee kwa lugha zisizo na soko kubwa la programu. Msemaji wa Kiswahili haombi ruhusa kwa mtu yeyote ili atafsiri maneno ya mfumo huu. Hata hivyo ni lazima programu iwe imeandikwa kwa namna inayowezesha tafsiri. Programu ikiunda sentensi kwa kubandika namba pamoja na jina na kitenzi kisichobadilika, Mswahili atasomeshwa «Vitabu 5 kimepatikana». Drupal humpa mfasiri sentensi nzima mara mbili, moja ya umoja na nyingine ya wingi, naye aweza kuandika «Kitabu 1 kimepatikana» na «Vitabu 5 vimepatikana». Hapa upatanisho wa ngeli, unaofundishwa katika somo la Kiswahili, unakuwa suala la uhandisi.

Saa saba za Oktoba 2014

Tarehe 15 Oktoba 2014, yapata saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, kikundi cha usalama cha Drupal kilitangaza kasoro kubwa katika toleo la 7, pamoja na kiraka cha kuiziba. Kasoro hiyo yafaa ielezwe, kwa sababu ilikuwa katika sehemu iliyojengwa makusudi kwa ajili ya ulinzi.

Programu huiamuru hifadhidata kwa lugha ya SQL. Hatari iliyojulikana siku nyingi ni kwamba mtu mbaya aweza kuandika, mahali alipotakiwa kuandika jina lake, maneno yenye umbo la amri. Programu isiyo makini itayachanganya na amri zake na kuyatekeleza. Ili kuzuia jambo hili, Drupal 7 iliziandika amri kama fomu ya benki. Maneno yaliyochapwa katika fomu hayabadiliki, na kinachotoka kwa mtumiaji huwekwa katika nafasi tupu tu. Lakini thamani zilipokuwa nyingi kwa pamoja, programu ilipaswa kuongeza nafasi tupu, na majina ya nafasi hizo ilikuwa ikiyatoa katika lebo zilizofuatana na thamani. Lebo hizo nazo ziliweza kutoka kwa mtumiaji. Kwa hiyo mshambuliaji aliyeiandika amri yake katika lebo, badala ya katika thamani, aliiingiza ndani ya maneno yaliyochapwa yenyewe. Usahihisho ulibadilisha mstari mmoja wa msimbo: programu iliagizwa izipuuze lebo na kuzipa nafasi hizo namba zake yenyewe.

Kasoro hiyo ilikuwamo tangu Drupal 7 ilipotoka Januari 2011. Kwa karibu miaka minne ilikaa mbele ya macho ya kila aliyetaka kusoma, mpaka kampuni ya Kijerumani ya SektionEins ilipoukagua msimbo na kuigundua. Uwazi huruhusu ukaguzi, lakini lazima awepo mtu wa kuufanya.

Kiraka chenyewe kilikuwa wazi pia. Aliyelinganisha msimbo wa zamani na mpya aliona mara moja tundu lilipo, na mashambulizi ya kujiendesha yalianza baada ya saa chache. Tarehe 29 Oktoba kikundi cha usalama kilitoa onyo: kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza, ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Kwa saa za Afrika Mashariki, muda huo ulikwisha saa nane usiku. Wenye tovuti walielezwa pia kwamba wakikuta tundu limezibwa na wao hawakuliziba, hiyo yaweza kuwa dalili ya uvamizi. Kwani wavamizi wengine, baada ya kuingia, waliufunga mlango nyuma yao.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahusika wa Drupal walijifunza jambo. Kasoro nyingine kubwa ilipogunduliwa mwaka 2018, walitangaza tarehe 21 Machi kwamba kiraka kitatolewa tarehe 28 Machi, wakataja na saa, ili kila mjenzi awe macho.

Gharama ya kitu cha bure

Gharama nyingine huletwa na matoleo makubwa. Drupal 8, iliyotoka Novemba 2015, iliandikwa upya kwa kiasi kikubwa, na moduli za Drupal 7 hazikuweza kufanya kazi ndani yake. Wenye tovuti ndogo walijikuta wakitakiwa kujenga upya kile walichokuwa nacho. Baadhi ya waandishi waliokataa njia hiyo walitumia haki waliyopewa na leseni: waliuchukua msimbo wa Drupal 7, wakauendeleza kwa jina la Backdrop, na toleo lao la kwanza likatoka Januari 2015. Drupal 7 yenyewe ilitunzwa hadi tarehe 5 Januari 2025, miaka 14 kamili tangu izaliwe. Kuanzia Drupal 9, ya mwaka 2020, utaratibu ulilegezwa: mambo yatakayoondolewa hutangazwa mapema, na kuhama kutoka toleo hadi toleo kumekuwa rahisi zaidi.

Mjenzi mwenye busara, kabla ya kuikabidhi tovuti kwa shule au hospitali, hujiuliza maswali manne. Ni nani atakayepokea matangazo ya usalama na kutia viraka? Nakala za akiba zinahifadhiwa wapi, na je, zimewahi kujaribiwa? Kila moduli iliyoongezwa ina mtunzaji, na je, inahitajika kweli? Katika bajeti ya mwaka ujao mna fungu la matunzo? Palipo na majibu, programu huria ni msaada mkubwa kwa taasisi yenye fedha kidogo. Pasipo na majibu, ni afadhali tovuti ya kurasa 10 za HTML tupu, isiyo na hifadhidata ya kuvamiwa.

Kwa walimu wa kompyuta, Drupal yafaa pia kama kifaa cha kufundishia. Ikishanakiliwa mara moja, yaweza kuendeshwa katika kompyuta moja yenye PHP na hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, bila intaneti. Wanafunzi waweza kuandika nodi, kuyafungua majedwali na kuyaona maneno yao yamekaa wapi, kubadilisha kiolezo, kisha kuusoma msimbo uliofanya kazi hiyo. Zoezi zuri la mwisho ni kuiharibu tovuti hiyo makusudi, na kulipa darasa kipindi kimoja cha kuirudisha kutoka katika nakala ya akiba.