Kaposi ni jina la mtu

Wengi wetu tumelisikia jina Kaposi kwenye semina za Ukimwi, tukadhani ni jina la ugonjwa basi. Kumbe ni la mtu, tena alilichagua mwenyewe. Moritz Kohn alizaliwa mwaka 1837 mjini Kaposvár, Hungaria. Akasomea udaktari Vienna, akafanya kazi chini ya Ferdinand von Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi wa zama zile, akamwoa na binti yake. Mwaka 1871 akabadili jina la ukoo, akalitoa kwenye mji aliozaliwa. Hebra alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nafasi yake.

Kazi yake hasa ilikuwa nini? Kutazama, kulinganisha, kuandika. Mwaka 1872 alieleza wagonjwa watano waliokuwa na vinundu vyeusi-vyekundu kwenye ngozi. Watano tu! Lakini madaktari wa Uganda walipokuwa wakiuona ugonjwa huo mara kwa mara, hata kabla ya Ukimwi kujulikana, na Marekani ulipowakumba vijana mwaka 1981, tayari ulikuwa na jina na maelezo ya kulinganishia. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore wakagundua kirusi chake.

Kaposi pia alieleza ugonjwa adimu wa kurithi, zeroderma pigmentosamu. Mtoto mwenye ugonjwa huu hutokwa na madoa kwa jua la kawaida tu, na saratani ya ngozi humwandama mapema. Sababu haikujulikana mpaka mwaka 1968, James Cleaver alipoonyesha kwamba seli zao hushindwa kukarabati DNA iliyoharibiwa na miale ya jua.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa ualimu? Sana tu. Mtoto anayekwepa jua la mstarini tunaweza kumwita mvivu, tukampa na adhabu ya kufyeka nyasi saa saba mchana. Wengine watasema karogwa. Kumbe huenda anahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, dawati mbali na dirisha, na mwalimu wa kumwambia mzazi ampeleke kliniki ya ngozi. Hatutajua ugonjwa, hiyo si kazi yetu. Ila kabla ya kushika fimbo, tumtazame kwanza, tumuulize.