Mashine Husikia Chuma, Haisikii Kaburi

Katika Wilaya ya Songwe mlio wa mashine ya kutambua metali si jambo geni. Wilaya hiyo imo ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao watu wamekuwa wakiuchimba tangu miaka ya 1920, na mchimbaji mdogo anayepitisha mashine juu ya udongo mwekundu anafanya kazi halali kama mkulima aliyeshika jembe, ilimradi yumo ndani ya eneo la leseni. Matata huanza mashine hiyohiyo inapohamishwa kutoka kwenye mkondo wa mto na kupelekwa mahameni, kwenye mafungu ya mawe na miti mikongwe ambako watu wa zamani wamelala. Kinachowavuta wengi huko ni hadithi iliyoenea Tanzania nzima: kwamba Mjerumani alipokuwa akikimbia alifukia mali, na kwamba kaburi lake, au la askari wake, ni kifuniko tu cha sanduku. Kwa Tunduma na Mbozi hadithi hiyo ina mashiko ya pekee, kwa sababu vita kweli vilipita hapa. Hoja ya makala hii ni kwamba karibu na makaburi ya kale mashine hiyo inapaswa kuja mwisho, baada ya kuuliza, kuandika na kupata ridhaa. Fizikia yenyewe ya mashine inatufikisha hapo hata kabla hatujazungumzia heshima ya wafu.

Tuanze na jinsi mashine inavyofanya kazi. Ndani ya ile sahani ya duara kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaobadilika upesi ukipita ndani yake, huzaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, nayo mikondo hiyo huzaa uga wake dhaifu unaorudi juu. Mashine hunasa mwangwi huo na kuugeuza mlio. Tatizo ni umbali. Uga hupungua nguvu ukienda na hupungua tena ukirudi, kiasi kwamba kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, kina kikiongezeka mara mbili mwangwi hushuka hadi karibu sehemu moja ya 64. Ndiyo maana sarafu inayosikika vizuri kwenye sentimita 15 inaweza kuwa kimya kabisa kwenye sentimita 40. Udongo wenye oksidi nyingi za chuma, kama ule mwekundu wa sehemu nyingi za Mkoa wa Songwe, huongeza kelele zake mwenyewe juu ya mwangwi huo. Tena mashine haijui dhahabu kwa jina. Inapima jinsi kitu kinavyopitisha umeme na ukubwa wake, hivyo pete ya dhahabu na kipande cha alumini cha ukubwa unaolingana vinaweza kulia karibu sawasawa.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya kaburi. Kaburi la futi sita lina kina cha karibu sentimita 180, na kitu cha ukubwa wa sarafu kilichomo chini yake hakiwezi kusikika kwa mashine ya kawaida. Kinachosikika ni cha juu juu: jembe lililochakaa, kichwa cha mkuki, bangili, sufuria, msumari wa msalaba, waya wa uzio, kizibo cha soda cha juzi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki baadhi ya vitu hivyo viliwekwa juu ya kaburi kwa makusudi, kama alama ya nani amelala pale na aliishi vipi. Kwa hiyo anayefuata mlio makaburini hafiki kwenye hazina anayoiwazia. Anang'oa alama ya kaburi, anaitupa kwa sababu ni chuma chakavu, kisha anaendelea kuchimba kwa matumaini, bila mashine kumwambia lolote kuhusu kilichopo chini. Makaburi ya zamani zaidi, yaliyochimbwa kwa kina kifupi au kuliwa na mmomonyoko, ndiyo yaliyo hatarini kuliko yote, maana huko jembe la mwindaji wa mlio hufika kwenye mifupa upesi.

Na makaburi hayo yako wapi? Si yote yaliyo ndani ya uzio wa kanisa au wa halmashauri. Kwa vizazi vingi familia zilizika wafu wao kando ya nyumba au pembeni mwa shamba. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, iliyowahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vya ujamaa. Nyumba zikaanguka, migomba ikafa, makaburi yakabaki. Leo hame linaonekana kama pori au shamba la mahindi lenye vigae vya vyungu na majivu. Kwa mwenye mashine, hame ni mahali pazuri kuliko pote, kwa kuwa pamejaa metali za nyumbani. Kwa mwenye asili ya hapo, hame ndilo makaburi ya ukoo. Haya mawili hayatenganishiki kwa macho, wala hayatenganishiki kwa mlio.

Kuna jiwe mkoani humu linaloweza kutufundisha kwa nini mahali kitu kilipo pana uzito kuliko kitu chenyewe. Kimondo cha Mbozi, kilichopo karibu na kilima cha Marengi, kina urefu wa karibu mita tatu na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Hakuna shimo la mwanguko lililopatikana, wala kumbukumbu ya siku kilipoanguka, lakini mwanasayansi akikata kipande kidogo anaweza kusoma mengi: asili yake ya anga za mbali, jinsi kilivyopoa, aina yake miongoni mwa vimondo. Kimondo kimebeba hadithi yake tumboni. Jembe la kaburini si hivyo. Likiwa mezani mjini Tunduma, bila anayejua lilitoka kaburi lipi, upande gani, pamoja na nini, linabaki chuma chenye kutu. Habari zake zote zilikuwa katika uhusiano wake na udongo, mifupa na vigae vilivyolizunguka, na uhusiano huo huvunjika kwa pigo moja la sururu.

Ushahidi wa hilo haupo mbali. Ivuna, katika Wilaya ya Momba, watafiti waliochimba miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi pale tangu karne ya 13 hivi. Hawakupata dhahabu. Walichokuwa nacho ni matabaka: mkaa uliopimwa umri wake, ukiwa juu ya tabaka moja la vigae na chini ya lingine. Vivyo hivyo Wanyiha na majirani zao Wafipa walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma, na mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani ni kumbukumbu ya viwanda vyao. Mwenye mashine huyachukia, kwa kuwa yanamchanganya kwa milio ya uongo, na huyasukuma kando. Kumbe akiyasukuma anavuruga ramani ya tanuru lilipokuwa, na pengine nafasi pekee ya kuliwekea tarehe.

Turudi kwa Mjerumani, maana pale ndipo hamu ilipo. Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland na kuzishambulia ngome za Wajerumani, ikiwemo Luwiwa jirani na mpaka na Igamba huko Mbozi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilipita eneo hili, kikashambulia Fife ng'ambo ya Tunduma ya leo, na tarehe 25 mwezi huo kikaweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala. Je, kilikuwa na dhahabu ya kufukia? Sarafu ya dhahabu ya koloni hilo ilikuwa moja, ile ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu. Zikusanye zote ulimwenguni, hutapata zaidi ya kilo 87 hivi za dhahabu halisi, kiasi ambacho mgodi wa New Luika, uliomo Wilaya ya Songwe, hukitoa kwa wiki chache. Tena zilitengenezwa kwa sababu ya uhaba: meli za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha zilikuwa haziingii, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikichapisha noti za dharura. Jeshi linalolipa kwa karatasi si jeshi la kuacha masanduku ya dhahabu kila penye msalaba.

Kilichozikwa kwa wingi katika vita hivyo ni watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na hatimaye homa ya mafua ya 1918, na walio wengi hawana jiwe wala jina. Kwa hiyo anayesema anatafuta kaburi la Mjerumani, kwa uwezekano mkubwa atafukua Mbena, Mnyiha au Mnyamwanga aliyebeba mzigo wa Mjerumani au wa Mwingereza.

Hapo hujibiwa: wafu hawahitaji dhahabu, walio hai wanahitaji ada ya shule. Hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa umaskini ni wa kweli. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, inachukulia kwamba dhahabu ipo, na tumeona kwamba hesabu haiungi mkono. Saa zilezile na betri zilezile zikitumika kwenye udongo wenye leseni zina nafasi kubwa zaidi ya kuleta chakula. Pili, inachukulia kwamba wafu hawana wenyewe. Tanzania yenyewe inasema kinyume. Fuvu la Chifu Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za ukoloni na jamaa walio hai. Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani aliomba radhi akiwa Songea kwa maovu ya ukoloni wa nchi yake. Taifa linalodai mifupa ya babu zake kutoka kabati za Ulaya litajibu nini likiulizwa kwa nini mifupa mingine inatupwa kando ya shimo huko Mbozi?

Wengine huitaja Uingereza, ambako maelfu ya watu hutembea mashambani na mashine hizi, na ambako mwaka 2009 mmoja wao aligundua hazina ya Staffordshire yenye vipande zaidi ya 3,500 vya dhahabu na fedha. Mfano ni mzuri ukisomwa wote. Huko kuna sheria ya hazina ya 1996, kuna maofisa waliosambazwa mikoani kuandikisha vitu, kuna malipo rasmi kwa aliyepata na kwa mwenye shamba. Hata hivyo maeneo ya kale yaliyolindwa hayaguswi na mashine bila kibali, na mabaki ya binadamu yana sheria yake. Kilichofanikiwa ni daftari. Marekani nako, mwaka 1984, wanaakiolojia walitumia mashine hizi kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn, wakaweka alama mahali pa kila ganda la risasi kabla ya kuliinua, na kwa ramani hiyo wakafuatilia jinsi wapiganaji walivyosogea. Jambo kama hilo lingeweza kufanyika Igamba, vijana wanaoijua mashine wakilipwa kufanya kazi pamoja na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mwenye kuchimba leo kwa siri anachoma ramani hiyo kabla haijachorwa.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kutafuta au kufukua mabaki ya kale bila leseni. Sheria ya Madini ya 2010 hairuhusu mwenye leseni kufanya kazi kwenye ardhi ya maziko bila idhini ya maandishi. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuingilia makaburi na kuidhalilisha maiti kuwa kosa. Ila upo ufa. Ulinzi wa moja kwa moja wa Sheria ya Mambo ya Kale unagusa vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Makaburi ya 1916 au 1918 yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yahesabiwe kuwa urithi unaolindwa. Yaani makaburi yanayowindwa zaidi kwa sababu ya hadithi ya Mjerumani ndiyo yenye kinga hafifu zaidi katika sheria hiyo.

Kwa mwenye mashine, basi, utaratibu unaofaa si mgumu. Kabla ya kuwasha, amwone mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba, aulize nani waliishi pale kabla ya kuhama. Atazame dalili: mafungu ya mawe, mti uliopandwa peke yake, bonde dogo la mstatili ambapo udongo uliofukuliwa zamani umetitia. Akiviona, azime na asogee mbali. Ndani ya eneo lake la leseni, mlio ukimpeleka kwenye kigae, mkaa au mfupa, jembe lisimame palepale, apige picha, achukue alama ya mahali kwa simu na amwarifu mtendaji wa kijiji, ambaye ataliwasilisha jambo polisi au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ganda la kombora asiliguse kamwe, hata likiwa limeoza kwa kutu. Baruti ya zamani inaweza kubaki hai.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, si ya mchimbaji. Kila serikali ya kijiji kati ya Mkwajuni na Tunduma ingeweza kuwa na daftari moja la mahame na makaburi yake, likiwa na majina ya koo na alama za mahali. Halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji karani, simu na wazee wa kumwongoza. Wanaoweza kuonyesha kwa kidole kila kaburi lilipokuwa ni wale waliohama wakiwa watu wazima. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji ameshavuka 70. Mashine zitaendelea kuuzwa, na za mwakani zitasikia mbali kidogo kuliko za leo. Mzee huyo ana misimu michache tu iliyobaki ya kutembea hadi hameni.