Huandikwa Huku, Hufanya Kazi Kule

Novemba 24, 2024 hesabu ya mita za umeme wa malipo ya kabla ilifika ukingoni. Kila tokeni ya tarakimu 20 ilikuwa imebeba ndani yake idadi ya dakika zilizopita tangu mwaka 1993 ulipoanza, na nafasi iliyotengewa idadi hiyo ni biti 24 tu. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani chini kidogo ya miaka 32. Ndiyo maana watumiaji wa mita za LUKU nchini Tanzania, na wenzao wa Kenya na nchi nyingine nyingi, waliponunua umeme kabla ya tarehe hiyo walipewa tokeni za ziada za kuingiza kwanza, ili mita ianze kuhesabu kutoka tarehe mpya. Watu walibonyeza namba zile wakinung'unika, na wachache mno walijiuliza ni nani anayezisoma upande wa pili.

Anayezisoma ni kompyuta. Ni ndogo, haina kibodi ya herufi wala diski, lakini ni kompyuta kamili yenye prosesa, kumbukumbu na programu. Za jamii yake zimo kwenye mashine ya kufulia, king'amuzi, rimoti na pampu ya kituo cha mafuta, na ndani ya gari la kisasa zimejaa tele. Kila moja huendeshwa na programu ambayo haikuandikwa ndani yake, wala isingeweza kuandikwa humo.

Mfano mzuri ni Raspberry Pi Pico, kibao cha saketi kilichoanza kuuzwa Januari 2021 kwa dola 4 na ambacho wanafunzi wengi hujifunzia. Kina prosesa ya Arm yenye viini viwili, kilobaiti 264 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na megabaiti 2 za kuhifadhi programu. Picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri inaweza isienee humo. Kibao kingine, Arduino Uno ya asili, ni maskini zaidi: kilobaiti 2 za kufanyia kazi na 32 za kuhifadhia. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa amri za prosesa, hula mamia ya megabaiti ikijumlishwa na maktaba zake. Hata ikibanwa vipi, haingii ndani ya Pico.

Kwa hiyo kazi hufanyika kwenye laptopu, kwa kutumia kompaila mtambuka: inakaa kwenye mashine ya aina moja na kuzalisha amri za mashine ya aina nyingine. Laptopu nyingi zina prosesa ya Intel au AMD, Pico ina ya Arm, na amri za huku hazieleweki kule. Kompaila ya namna hii ni kama fundi cherehani anayemshonea mteja aliye mji mwingine kwa vipimo vya kwenye karatasi. Inachoambiwa ndicho inachoshona. Vipimo vikikosewa, yenyewe haina habari; atakayejua ni mteja siku ya kuvaa.

Utaratibu huu ni mkongwe. Mwaka 1969 Ken Thompson wa Bell Labs alianza kuandika kilichokuja kuwa Unix kwa ajili ya kompyuta ya PDP-7, wakati PDP-7 yenyewe haikuwa na zana za kumsaidia. Programu za mwanzo aliziandaa kwenye kompyuta kubwa zaidi, GE-635, zikatolewa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, na utepe ukabebwa kwa mkono kutoka mashine moja hadi nyingine.

Kisa cha Bill Gates na Paul Allen kina vituko zaidi. Mwaka 1975 walikuwa wameiahidi kampuni ya MITS ya Albuquerque, Marekani, lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta mpya ya Altair 8800. Altair yenyewe hawakuwa nayo. Allen alitengeneza programu ya kuiga prosesa ya Intel 8080, akaiweka kwenye kompyuta ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Gates aliandika sehemu kubwa ya BASIC, na Monte Davidoff akaandika hesabu za desimali. Allen akapanda ndege na utepe wake. Angani akakumbuka kwamba hakuna aliyeandika ile programu fupi ya kuifanya Altair iusome utepe, akaiandika humo humo ndegeni kwa mkono. Alipofika kuijaribu, mashine iliulizwa 2 ongeza 2, ikajibu 4. Programu nzima ilikuwa imeandikwa, ikasahihishwa na kukamilika bila kuigusa Altair halisi hata mara moja.

Siku hizi mzigo umepungua, kwa sababu vipimo vya karibu kila prosesa vimekwisha kuwekwa ndani ya zana za bure. Kongwe na mashuhuri zaidi ni GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kampuni ya Arm nayo hutoa seti iliyojengwa juu ya GCC hiyohiyo. Na ni seti kweli, si programu moja. Kompaila hugeuza C kuwa lugha ya asembli. Asembla huigeuza hiyo kuwa namba. Linka hukusanya vipande vyote na kuamua kila kimoja kikae anwani gani ndani ya chipu. Maktaba ya newlib huleta kazi za kawaida za C. Na GDB husaidia kuwinda makosa. Zote lazima zikubaliane kuhusu mashine ambayo haipo hapo.

Makubaliano hayo yameandikwa kwenye jina. Kompaila ya Pico huitwa arm-none-eabi-gcc. Neno la kwanza ni familia ya prosesa. La pili linasema hakuna mfumo endeshi: programu itakuwa peke yake na chipu, bila Linux wala Windows ya kuitumikia. La tatu ni kanuni za namna vipande vya programu vinavyopeana taarifa. Ipo nyingine inayofanana nayo sana, arm-linux-gnueabihf-gcc, ambayo ni ya vibao vya Arm vinavyotumia Linux. Anayeanza huziona zote mbili, huona "arm" mwanzoni, na huchukua yoyote. Ya pili itamtengenezea programu inayotegemea kuikuta Linux upande wa pili, na Pico haina Linux.

Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, njia rahisi ni mstari mmoja ndani ya terminali:

sudo apt install build-essential cmake gcc-arm-none-eabi libnewlib-arm-none-eabi libstdc++-arm-none-eabi-newlib

Kabla ya kubonyeza Enter, ni busara kutazama bando. Mzigo ni mkubwa, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maktaba ileile iliyorudiwa mara nyingi: nakala ya prosesa za Cortex-M0, nakala ya Cortex-M4, nakala ya chipu zenye kitengo cha desimali na ya zisizo nacho. Mtumiaji wa Pico atahitaji moja tu, lakini hupewa zote. Usakinishaji ukimalizika, arm-none-eabi-gcc --version inatakiwa kujibu kwa namba ya toleo.

Wengine hupendelea kupakua faili lililobanwa kutoka Arm wenyewe, kulifungua ndani ya /opt, kisha kuongeza folda ya bin kwenye PATH, orodha ya mahali ambapo kompyuta hutafuta programu. Hatua hiyo ya PATH husahauliwa kuliko zote, na jibu lake ni "command not found" huku faili lenyewe limekaa palepale. Faida ya njia hii ni kuchagua toleo. Timu ya watu watano inayotengeneza kifaa kimoja ingefaa itumie toleo moja la kompaila, kwa sababu toleo tofauti linaweza kutoa programu yenye ukubwa tofauti, na kwenye chipu ya kilobaiti 32 tofauti ndogo tu hutosha kuikosesha programu nafasi.

Zamani, na hata leo kwa prosesa zisizo za kawaida, mtu alijenga seti nzima kutoka kwenye msimbo asilia. Hapo ndipo kuna kitendawili. Kompaila kamili inahitaji maktaba ya C ya mashine lengwa. Maktaba hiyo nayo imeandikwa kwa C, kwa hiyo inahitaji kompaila. Ufumbuzi ni kwenda kwa awamu: kwanza zinajengwa asembla na linka, kisha kompaila pungufu isiyojua maktaba yoyote, kompaila hiyo pungufu inajenga newlib, halafu kompaila inajengwa tena, safari hii ikiwa kamili. Laptopu hupata joto kwa muda mrefu, na kosa dogo la mwanzo hujitokeza mwishoni. Mradi wa crosstool-NG ulianzishwa ili kuziendesha awamu hizo bila mtu kuzikumbuka kichwani, na kwa asiye na sababu maalumu hakuna haja ya kupita njia nyingine.

Kosa linalomkuta karibu kila mgeni ni kujaribu kuendesha programu aliyoitengeneza palepale kwenye laptopu. Jibu ni "Exec format error". Hakuna kilichoharibika: amri ya file ikitumika juu ya faili lile itasema "ELF 32-bit LSB executable, ARM", uthibitisho kwamba kompaila imefanya ilichotumwa.

Kosa jingine ni linka kulalamika kwamba haiioni _exit. Programu ya kawaida ikimaliza kazi huurudishia mfumo endeshi usukani kupitia hapo. Kwenye chipu tupu hakuna wa kupokea. Chaguo la --specs=nosys.specs huweka vishikizi visivyofanya kitu ili linka iridhike. Kwa Pico, vifaa vya programu vinavyotolewa na Raspberry Pi vimeshalishughulikia.

Makosa yanayosema ni afadhali. Mtu akiandika -mcpu=cortex-m4 kwenye amri ya kompaila wakati Pico ina Cortex-M0+, kompaila na linka zote zinaweza kukubali bila neno. Programu itaingia kwenye chipu vizuri, itaanza, na itakapokutana na amri ambayo M0+ haiijui itasimama kimya. Mtu anaweza kubadilisha kebo, kibao na hata laptopu kabla ya kufikiria kuusoma upya mstari ule mmoja.

Kuhamisha programu ni kwepesi. Kitufe cha BOOTSEL kinashikiliwa wakati kebo ya USB inachomekwa, Pico inajitokeza kama flashi yenye jina RPI-RP2, na faili la programu ya kuwasha na kuzima taa, blink.uf2, linanakiliwa humo. Flashi inatoweka yenyewe na taa ya kijani inaanza kuwaka na kuzima.

Taa isipowaka, zamu ni ya GDB, na hapa maelekezo ya zamani yanapotosha. Huagiza arm-none-eabi-gdb, ambayo matoleo ya sasa ya Debian na Ubuntu hayaileti tena. Badala yake husakinishwa gdb-multiarch, inayoelewa prosesa za aina nyingi na kupokea amri zilezile. Pico ya pili iliyounganishwa kwa nyaya tatu inaweza kuwa daraja kati ya laptopu na Pico yenye ugonjwa, programu ya OpenOCD ikiwa katikati, na kuanzia hapo mwandishi wa programu anaweza kuisimamisha chipu kwenye mstari wowote wa C na kutazama kilichomo ndani ya kila kigezo.