Je, Wajua? Taa ya ABS Inapowaka

Je, wajua kwamba taa ya ABS isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka? Ukifungua swichi, taa hiyo ya njano inatakiwa iwake sekunde chache wakati kompyuta ya breki inajikagua, kisha izimike. Ikikaa kimya tangu mwanzo, huenda balbu imeungua, au mtu ameitoa makusudi ili mnunuzi asijue gari lina ugonjwa. Hilo ni kosa la kuhatarisha maisha ya watu. Unayenunua gari lililokwisha kutumika, itazame taa hii kabla ya kutazama rangi.

Je, wajua kwamba taa ya njano ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki bado zinashika? Kilichopotea ni ule uwezo wa ABS wa kuzuia tairi zisijifunge na kuburuzika unapokanyaga ghafla. Lakini ikiungana na taa nyekundu ya breki, egesha gari. Angalia mafuta ya breki na handibreki kwanza. Kama hivyo viko sawa, huenda mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma nao umekufa, na tairi za nyuma zikitangulia kujifunga, gari huzunguka.

Je, wajua kwamba wazo hili la kuzuia tairi zisijifunge lilianzia kwenye ndege? Mtambo wa Maxaret wa kampuni ya Dunlop ulitumika kwenye ndege miaka ya 1950, ukaingia katika gari la Kiingereza la Jensen FF mwaka 1966. Mfumo wa kielektroniki wa Bosch ulianza kuuzwa mwaka 1978 katika Mercedes-Benz S-Class.

Je, wajua kwa nini kile kisomaji cha misimbo ya hitilafu, cha bei ndogo na cha Bluetooth, kinakwambia gari halina hitilafu huku taa ya ABS inakutazama? Hakikuulizia breki. Tundu la pini 16 chini ya dashibodi, kinapochomekwa kisomaji hicho, lilipata nguvu ya sheria Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na lengo la sheria lilikuwa moshi. Kwa hiyo visomaji vya kawaida huongea na kompyuta ya injini tu. Misimbo ya injini na giaboksi huanza na herufi P, ya bodi B, ya mawasiliano kati ya kompyuta U, na ya breki, usukani na miguu ya gari C. Ukitaka herufi C, tafuta fundi mwenye mashine inayoingia hadi kwenye kompyuta ya ABS ya aina ya gari lako.

Je, wajua kwamba kwenye Toyota nyingi C0200 ni sensa ya tairi ya mbele kulia, C0205 ya mbele kushoto, C0210 ya nyuma kulia na C0215 ya nyuma kushoto? Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele, usukani uwe upande wowote. Anayesema “upande wa dereva” atafungua tairi moja Dar es Salaam na nyingine Bujumbura.

Na wajua kwamba Toyota za zamani kidogo zilijisema zenyewe bila mashine? Fundi huunganisha pini ya 4 na ya 13 za tundu lile kwa kipande cha waya, anafungua swichi, na taa ya ABS inahesabu: inamweka mara tatu, inapumua, inamweka mara moja. Hiyo ni 31, sensa ya mbele kulia. Pini ya 16 isiguswe na waya huo, kwa sababu ina umeme wa betri muda wote.

Sasa jambo linalowagharimu watu fedha nyingi kuliko yote. Je, wajua kwamba msimbo hautaji kifaa kibovu? Unataja njia ambayo taarifa imekatikia. C0200 maana yake ni kwamba kompyuta haipati habari za kuaminika kutoka tairi ya mbele kulia, basi. Sensa yenyewe inaweza kuwa nzima. Waya hukatikia ndani ya ganda lake pale unapojikunja kila usukani unapozungushwa. Plagi huingia maji na kuota kutu. Ringi ya meno inayosomwa na sensa hupasuka. Chembe za chuma hunata kwenye ncha ya sensa. Ununuzi wa sensa kabla ya kukagua hayo ni kubahatisha kwa fedha ya mteja, na mteja ana haki ya kuuliza nini kimepimwa.

Beringi nayo ina mtego wake. Katika magari mengi ya karibuni meno hayapo: ringi ya sumaku imefichwa kwenye sili ya beringi, na kwa macho inafanana na mpira wa kawaida. Fundi akiipachika beringi kinyume, gari litatembea bila kelele, ila taa ya ABS itawaka siku hiyohiyo. Kabla ya kuipiga presi, sogeza kibanio cha karatasi kila ubavu. Ubavu unaokivuta ndio unaoelekea sensa.

Je, wajua kwamba multimita inaweza kukudanganya? Sensa ya zamani ni koili, na omu zake hupimika, mara nyingi kati ya 800 na 2,500, ingawa kila mtengenezaji ana kipimo chake. Sensa mpya ina saketi ndani na hutaka umeme ili ifanye kazi. Kuipima omu hakukwambii lolote.

Kipimo kizuri zaidi ni kusoma kasi za tairi zote nne kwenye mashine gari likitembea, msaidizi akiwa ameshika skrini na dereva macho barabarani. Kwenye njia iliyonyooka namba nne hupanda na kushuka pamoja. Moja ikibaki sifuri, tafuta waya au plagi. Moja ikiwa juu ya wenzake daima, kagua ukubwa wa tairi na upepo. Moja ikianguka ghafla kwenye mwendo wa polepole, kagua ringi na nafasi kati yake na sensa. Gari lenye dalili hiyo ya mwisho ndilo ambalo pedeli hutetemeka unapoegesha taratibu kwenye lami kavu, na kompyuta ikidhani tairi imejifunga, hulegeza breki isiyopaswa kulegezwa.

Je, wajua kwamba betri dhaifu huzaa misimbo ya ABS? C1241 ya Toyota ni umeme mdogo. Chaji kwanza.

Je, wajua kwamba tangu Oktoba 2024 ukaguzi wa lazima Japani umeanza kusoma misimbo kwa kompyuta katika magari ya miundo mipya, ya ABS ikiwemo?

Mwisho, piga picha misimbo kabla ya kuifuta. Baada ya ukarabati, usishangae taa ikiendelea kuwaka gari likiwa limesimama: magari mengi huizima tu baada ya kuona tairi zote nne zikizunguka vizuri, na kwa hilo lazima uingie barabarani.