Waranti ya Simu Huanzia Dukani

Juni 2016 ulikuwa mwezi mchungu kwa wenye simu bandia nchini Tanzania. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetangaza mapema kwamba tarehe 16 simu zisizo na namba halali ya utambulisho zitazimwa, na siku ilipofika zikazimwa kweli. Kenya ilikuwa imetangulia: mwishoni mwa Septemba 2012, simu zaidi ya milioni moja zilikatwa kwenye mitandao ya nchi hiyo. Si kila aliyezimiwa alikuwa amenunua bandia kwa kujua.

Namba iliyowaponza ni IMEI, yenye tarakimu 15. Tarakimu 8 za mwanzo huonyesha ni simu ya aina gani, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 14 zinazoitangulia, kwa hiyo namba iliyobuniwa ovyo mara nyingi hujiumbua yenyewe. Kuiona ni kubonyeza *#06# tu. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Mnunuzi makini, awe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, huilinganisha na iliyo kwenye boksi, kisha humwomba muuzaji aiandike kwenye risiti pamoja na tarehe. Simu ikija kuharibika, kituo cha huduma kitataka kuona hayo hayo: IMEI, tarehe ya ununuzi na jina la duka.

Chukua mfano wa Tecno, Infinix na itel, zilizojaa mikononi mwa Waafrika Mashariki. Zote tatu ni chapa za kampuni moja, Transsion ya China, na matengenezo yake rasmi hufanywa na Carlcare, ambayo nayo ni ya Transsion. Samsung ina vituo vyake vilivyoidhinishwa. Apple haina duka lake lenyewe katika nchi hizi. Hutegemea wauzaji na mafundi iliowapa idhini. Ndiyo maana kabla ya kutoa pesa inafaa kuuliza kituo rasmi cha chapa hiyo kiko wapi. Kwa mkazi wa Mpanda au Lodwar, simu ambayo kituo chake cha karibu kiko mji mkuu ina nauli ambayo haikuandikwa kwenye bei.

Swali la pili ni simu yenyewe imetokea wapi. Wafanyabiashara wengi huagiza mzigo kutoka Dubai, na mara nyingine bei yao huwa chini ya ile ya wakala wa ndani. Simu inaweza kuwa halisi kabisa, imetoka kiwandani, na bado kituo cha Dar es Salaam kikaikataa, kwa kuwa watengenezaji wengi hufunga waranti kwenye nchi au ukanda ambako simu ilikusudiwa kuuzwa. Pale muuzaji anaposema "waranti ipo", aulizwe: ya kampuni au ya duka? Ya duka hudumu kadiri duka litakavyokuwepo.

Waranti ya mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, hufidia kasoro za kiwandani. Simu inayojizima bila sababu, spika iliyokufa yenyewe au chaji isiyoingia ni mambo ya kituo. Kioo kilichopasuka baada ya kudondoka ni cha mwenye simu. Maji nayo ni vivyo hivyo, hata kwa simu inayotangazwa kuwa haiingii maji, maana kinga hiyo hupimwa maabara kwa maji safi na hupungua kadiri simu inavyotumika. Anayetaka kuficha hataweza: ndani ya simu nyingi mna kibandiko kidogo cheupe ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu.

Kinachowanyima wengi haki yao, hata hivyo, ni haraka. Simu ikigoma Jumatatu, jioni iko kwa fundi wa mtaani, imeshafunguliwa. Kituo kikikuta skrubu zimeguswa au kipuri kisicho chake, waranti inaweza kuishia hapo.

Anayekwenda kituoni ahifadhi kwanza picha na namba zake mahali pengine, kwa sababu matengenezo mengine hufuta kila kitu, kisha atoe laini na memori kadi. Mezani adai karatasi ya mapokezi inayotaja IMEI, tatizo lililoripotiwa na hali ya simu ilivyopokelewa, hata mikwaruzo yake. Simu ikiwa nje ya waranti, aombe gharama kwa maandishi kabla haijafunguliwa. Samsung na Google Pixel za karibuni zina hali maalumu ya matengenezo inayomwezesha fundi kuijaribu simu bila kuona meseji na picha za mwenyewe.

Mwaka ukishapita, fundi wa mtaani hurudi kwenye hesabu, na wapo hodari wanaobadili kioo huku mteja akisubiri. Tofauti iko kwenye kipuri: cha orijino na cha kopi hupishana bei, mwanga na uimara. Kwa iPhone ni rahisi kujua kilichowekwa, kwani kuanzia iOS 15.2, mipangilio ya matoleo mengi huonyesha kama betri, na kwa baadhi kioo au kamera, imebadilishwa na kama kipuri ni halisi. Anayenunua iPhone ya mtumba anaweza kuufungua ukurasa huo mbele ya muuzaji, kabla hawajaanza kupatana bei.