Kwa Nini Hadithi Hukatika Kabla ya Mwisho?

Muhula huu swali moja limekuja mara nyingi, kutoka kwa wanafunzi wa hapa Kisarawe na hata kwa wenzetu wa Kibaha, ambao hupata nakala za gazeti letu wakati wa michezo ya mkoa. Swali lenyewe ni hili: Je, ile hadithi ya picha ya kijana na popo mweupe wa mapango ya Pugu itaendelea? Mchoraji wake yuko Kidato cha Sita. Mwezi wa Mei atafanya mtihani na kuondoka, na kijana wake hajaufikia hata Mto Ruvu, sembuse mwisho wa safari. Wenzetu wa Kibaha wana haki ya kuuliza, maana walikuwa wakimngoja afike upande wao.

Mimi ni mmoja wa wanaokusanya kurasa za gazeti hili. Kabla ya kujibu, napenda kueleza kwa nini hadithi za namna hii hukatika, maana jambo hili halikuanza kwetu.

Wanaozijua sana hadithi za picha ni Wajapani, nao huziita manga. Watu wengi hudhani kwamba manga hutungwa mpaka mwisho ndipo huchapwa. Sivyo. Mara nyingi sehemu ya kwanza hutoka gazetini hali ya mwisho bado haijachorwa. Kama gazeti ni la kila wiki, wiki ijayo yapasa mtunzi alete kurasa nyingine kama ishirini hivi. Msomaji na mtunzi huenda njia moja, na mtunzi yuko mbele kwa hatua chache tu. Baadaye sehemu hizo hukusanywa na kufungwa pamoja, zikawa juzuu. Basi hadithi inayotembea hivi yaweza kusimama kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni wasomaji. Gazeti liitwalo Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, lilikuwa na desturi ya kutia kadi ndani ya kila toleo, na msomaji aliandika hadithi alizozipenda akairudisha kwa posta. Hadithi iliyobaki nyuma kwa muda huamriwa kufungwa, na nyingine hazikupewa zaidi ya miezi michache. Hapo hadithi za safari na maajabu huumia kuliko nyingine. Hizo huhitaji muda: nchi ngeni lazima ijengwe, na wafalme wake, na wanyama wake, na sheria za uchawi wake. Amri ikija mapema, shujaa ambaye ndiyo kwanza anavuka mto wa kwanza hufikishwa kwa adui yake katika kurasa mbili, au huachwa njiani akitazama milima. Kwa upande mwingine, nafasi yake hupewa mtunzi mpya ajaribu bahati yake. One Piece, ambayo wengi wenu mnaijua, ilianza katika gazeti hilo hilo mwaka 1997, nayo imedumu zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Sababu ya pili ni kufa kwa gazeti lenyewe. Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusomea udaktari, alianza mwaka 1954 hadithi iitwayo Hi no Tori, yaani Ndege wa Moto. Anywaye damu ya ndege huyo hafi, na kwa hiyo wafalme na maskini humwinda kila zama. Gazeti lililoichapa lilifungwa mwaka 1955, hadithi ikabaki njiani. Mwaka 1967 Tezuka aliianza upya katika COM, gazeti alilolianzisha mwenyewe. Nalo halikudumu. Lakini ndege wake aliibuka tena katika gazeti jingine, na jingine tena.

Sababu ya tatu ni mkono wa mtunzi. Tezuka alikuwa amepanga hadithi hiyo kwa namna ya ajabu. Sehemu moja ilikuwa ya zamani mno, iliyofuata ikawa ya siku za mbali zijazo, kisha zamani tena, kisha baadaye tena, zikisogeleana kidogo kidogo ili mwishowe zikutane katika siku zetu hizi. Alifariki tarehe 9 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 60, na hapo zilipokusudiwa kukutana hakupachora.

Hata hapa kwetu wazazi wanakumbuka gazeti la Sani, lililokuwa likipita mkono kwa mkono Dar es Salaam na mikoani katika miaka ya 1980, lenye vituko vya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Komredi Kipepe. Mmoja wa waliowapa sura watu hao wa kubuni ni Philip Ndunguru, naye alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wa Sani hawakuzikwa pamoja naye. Wachoraji wengine waliendelea nao, na wasomaji wakaendelea kucheka.

Je, ni haki mtu mwingine kuendeleza? Mfano mzuri ni Berserk, hadithi ya mpiga upanga katika nchi ya mashetani, ambayo si ya kusomwa na watoto wadogo. Kentaro Miura aliianza mwaka 1989, naye alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54. Ilidhaniwa yamekwisha. Lakini Miura alikuwa na rafiki tangu shule ya sekondari, Kouji Mori, naye ni mtunzi. Miaka mingi kabla ya hapo Miura alikuwa amemsimulia rafiki huyo hadithi hiyo mpaka mwisho. Basi Juni 2022 ilianza tena: wanafunzi wa Miura huchora, na Mori huwaongoza, akiahidi kutotia jambo ambalo hakuambiwa na mwenziwe. Angalieni kilichoiokoa. Ilikuwa imesimuliwa kwa mtu.

Sasa narudi kwa kijana wetu wa Pugu. Shauri langu ni kwamba mchoraji akae jioni mbili na wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wenye mkono mzuri, awasimulie yaliyobaki, nao waandike katika daftari. Asikubali kumfikisha kijana Ruvu kwa kurasa mbili kwa sababu ya mtihani. Na kama hapendi mtu mwingine aiguse kazi yake, tumheshimu, ibaki ilipofika. Nusu ya hadithi njema ni bora kuliko mwisho wa uongo.

Jambo la mwisho latuhusu sote. Kule Japani hata hadithi iliyokatwa huweza kupatikana katika juzuu, na mtoto aliyezaliwa baadaye huisoma. Kwetu nakala ikishasomwa hufungiwa karanga. Nimetafuta matoleo ya zamani ya gazeti hili nikapata machache, na baadhi hayana jalada. Hapana shaka yalikuwamo masimulizi ambayo hatutayajua kamwe, si kwa sababu yalikatwa, bali kwa sababu hayakutunzwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo nawaomba wazazi waliosoma hapa watazame masandukuni mwao. Mwenye toleo la zamani alilete kwa mwalimu wa maktaba. Litatolewa nakala na kurudishwa. Kuanzia muhula huu matoleo yote yatashonwa pamoja kwa uzi kila mwisho wa mwaka, na nakala moja itawekwa maktaba. Daftari la hadithi ya Pugu, likipatikana, litawekwa papo hapo.