Mji Uliokesha na Timu Yake

Alfajiri ya Pasaka mwaka 1981, saa 10 na dakika 7, mashabiki 19 walikuwa bado wamejikunyata katika Uwanja wa McCoy, mjini Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Marekani. Mechi ya besiboli kati ya timu yao, Pawtucket Red Sox, na Rochester Red Wings ilikuwa imeanza usiku wa Jumamosi mbele ya watu 1,740. Besiboli ni raundi 9, na kwa kawaida haimalizwi kwa sare. Hawa walikuwa wamefikisha raundi 32, wakiwa 2-2. Kwa baridi ya usiku ule, wachezaji waliota moto kwa kuchoma magongo yaliyovunjika ndani ya mapipa.

Ikabidi isimamishwe. Iliporejewa Juni 23, dakika 18 zilitosha: Dave Koza wa Pawtucket akapiga, Marty Barrett akakimbia hadi kituo cha mwisho, 3-2. Hakuna mechi ndefu kuliko hiyo katika historia ya besiboli ya kulipwa.

Lakini simulizi ninayoipenda zaidi ni ya Ben Mondor, mmiliki wa timu hiyo. Pawtucket ulikuwa mji wa nguo. Hapo ndipo kinu cha pamba cha Samuel Slater kilipojengwa mwaka 1793. Mondor naye alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, na mwaka 1977 aliichukua timu ikiwa imefilisika. Akaweka bei za tiketi ambazo familia ya kibarua ingezimudu.

Watoto nao walikuwa na ufundi wao wa kupata saini za wachezaji. Benchi la wachezaji lilikuwa chini ya jukwaa, hawakufikika kwa mkono. Basi mtoto alikata dumu la maziwa, akatia mpira na kalamu, akalifunga kamba na kulishusha. Mchezaji akishasaini, kamba ilivutwa. Walikuwa wakivua saini. Wade Boggs, ambaye baadaye alipata heshima ya juu kabisa katika mchezo huo, alilelewa kwenye timu hii, akingoja kuitwa na timu kubwa ya Boston.

Mondor alifariki mwaka 2010. Wamiliki wapya walitaka uwanja mpya, wakashindwa kuelewana na serikali ya jimbo, na mwaka 2018 wakatangaza kuhamia Worcester, Massachusetts. Iliniuma. McCoy wenyewe ulianza kubomolewa mwaka 2025.

Msimu wa kuagana ulikuwa uwe 2020, korona ikaufuta. Klabu ikapanga meza juu ya nyasi, na familia za Pawtucket zikaja kula chakula cha jioni katikati ya uwanja.